Kopo Lililokutwa Kavu

Asubuhi za nyumba yetu zilikuwa nzuri. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za nyumba yenye mgonjwa hudhani ilikuwa nyumba ya vilio tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Jua liliingia kwa dirisha la nyuma, kwenye chumba cha baba, likatambaa juu ya shuka lake hadi kwenye tundu la kasuku lililoning'inia kando ya pazia. Chumba cha mbele dada yangu mkubwa alikuwa akiipaka mafuta cherehani yake huku akiimba puani. Mimi nilikuwa jikoni, nachemsha maji. Mpita njia angesema, hawa wametulia.

Kisha baba alikohoa.

Kwanza vikohozi vitatu vifupi, kama mtu anayebisha hodi. Halafu kimoja kirefu, kizito, kilichotoka chini kabisa ya kifua kama kasha linaloburutwa juu ya sakafu ya saruji. Akatema kwenye kopo. Akafunga mfuniko: tak. Kukawa kimya kidogo, halafu kasuku akayarudia yote kwa mpangilio uleule. Vitatu vifupi, kimoja kirefu, kutema, na ule mlio wa mfuniko, tak, ilhali yeye hana kopo wala mfuniko.

Wageni walikuwa wakishtuka. Sisi tulicheka, na baba alicheka kutushinda wote.

"Huyu ndiye mrithi wangu," alisema. "Siku nikiondoka msiseme sikuwaachia kitu. Nimewaachia kikohozi."

Tulicheka sana.

Ndugu zangu na majirani mtakaosoma, baba yangu alikuwa fundi magodoro. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, akichambua pamba na sufi kwa mikono na kuzishindilia ndani ya magodoro na mito. Alitoka humo jioni mweupe nyusi, mweupe ndevu, kama mtu aliyezeeka kwa siku moja. Wenzake walipomwambia afunge kitambaa puani aliwajibu, "Kitambaa puani ni cha mwizi. Mimi naficha nini?" Mama alipokuwa hai alimkung'uta nguo nje kabla hajaingia ndani, na hata hivyo nyuzi nyeupe zilijaa kila kona. Mama alifariki, baba akaacha kazi, chumba kile kikafungwa. Lakini nyuzi hazikwisha. Ulikuwa ukifagia chini ya kitanda, siku ya pili unakuta uzi mweupe umesimama hewani bila upepo, unashuka polepole, unatafuta pa kutua.

Alipoanza kukohoa bila kukoma tulimpeleka hospitali. Walipima kifua kikuu mara mbili, na mara zote mbili hakuwa nacho. Daktari alituonyesha picha ya mapafu, akatueleza kwamba mirija ya ndani imeharibika, imepanuka na kulegea, na makohozi yanatuama humo kama maji kwenye bomba lililopinda. Hakuambukizi mtu, alisema. Hatapona kabisa, lakini anaweza kuishi miaka mingi kama makohozi hayo yatatolewa kila siku.

Akatupeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya kifua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Siku ileile baba alimpa jina: Mwalimu wa Kukohoa.

"Mzee," alimwambia, "kwa watu wengine kukohoa ni ugonjwa. Kwako ni kazi."

"Mwanangu, mimi nimestaafu."

"Hii haina kustaafu. Wala haina likizo."

"Basi walau nipe sare," baba alisema, na yule mama akacheka hadi akavua miwani.

Alitufundisha mpangilio wote, na mimi ndiye niliyepewa niusimamie. Maji ya vuguvugu kwanza, kwa sababu makohozi makavu hayatoki. Kisha alale ubavu, upande mmoja na baadaye wa pili, kwa namna aliyotuchagulia yeye. Nimpige mgongo kwa mikono iliyokunjwa kama ya mtu anayechota maji, bila kumuumiza. Avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, aiachie taratibu, mara tatu. Halafu afungue mdomo na kuitoa pumzi kwa mkupuo, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo ili akifute. Makohozi yakishapanda ndipo akohoe, ateme kwenye kopo, afunge mfuniko. Asubuhi mara moja, alasiri mara moja.

"Na wewe binti," aliniambia, "kila siku utaangalia ndani ya kopo. Usione kinyaa. Kopo litakwambia asichokwambia baba yako. Yakiwa meupe, endeleeni. Yakigeuka kijani au njano nzito, yakinuka, yakiongezeka, au ukiona damu, mlete. Na ukiona kopo limekauka ghafla huku kifua bado kinakoroma, usingoje hata kuvaa viatu."

Niliyaandika yote nyuma ya daftari langu la shule. Daftari hilo ninalo hadi leo.

Miaka miwili tuliishi hivyo. Nilikuwa nikisema, "Tia ukungu, baba," naye anatia ukungu. Alikwenda msikitini na kurudi kwa miguu yake. Alipika siku nikichelewa. Alibishana na redio. Kikohozi kilikuwa saa ya nyumba. Kikilia asubuhi naepua maji, kikilia alasiri dada anajua jua limegeuka.

Sasa nitawaambia tulivyoivunja saa hiyo.

Dada yangu hushona magauni ya bibi harusi. Mikono yake ina jina, na tangu mama atutoke, cherehani hiyo ndiyo iliyotulisha na kununua dawa za baba. Naomba msimwone mbaya. Aliibeba nyumba mabegani tangu akiwa msichana. Lakini chumba cha kupimia nguo kilitenganishwa na chumba cha baba kwa ukuta mwembamba, na bibi harusi hutoka mbali, hajui habari zetu.

Siku moja alikuja mmoja na shangazi yake. Gauni lilikuwa mwilini, pini mdomoni mwa dada, mimi nimepiga magoti nashika pindo. Baba akaanza kazi yake. Vitatu vifupi, kimoja kirefu.

Shangazi alivuta mtandio puani. "Fundi, nani huyo anakohoa?"

Niliona macho ya dada yakienda ukutani na kurudi.

"Kasuku," akasema.

"Kasuku?"

"Tuna kasuku anaiga kikohozi. Mdogo wangu, nenda kamlete wamwone."

Nikaenda. Baba alikuwa ameketi kitandani, kopo mkononi, na amesikia kila kitu kwa sababu ukuta ule haukuficha neno. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni kwa utani, akanisaidia mwenyewe kulitungua tundu. Nikampeleka kasuku mbele, naye kama aliyetumwa akakohoa vitatu vifupi na kimoja kirefu, akatema, akafunga mfuniko wake usiokuwepo. Bibi harusi alicheka hadi pini zikamchoma.

"Jamani! Nilidhani mna mgonjwa ndani!"

"Hata," alisema dada.

Tangu siku hiyo tundu la kasuku likahamia chumba cha mbele. Na tangu siku hiyo likazaliwa neno ambalo sikujua litanifuata. Baba akiniita nimpige mgongo na wateja wamo ndani, nilisogeza pazia na kunong'ona, "Subiri kidogo, baba. Wageni wapo."

Mwanzoni alisubiri dakika chache. Kisha saa. Kisha zoezi la alasiri likafutika kabisa, maana alasiri ndiyo wateja huwa wengi. Nilimwona akijikaza, mshipa wa shingo umemsimama, macho yanatiririka, ameziba mdomo kwa mto alioushona mwenyewe. Kikohozi kingine alikimeza. Wageni wakiondoka nakimbilia kwake nikiwa na maji, na yeye amechoka, ananiambia, "Basi, Kitinda, imepita." Kitinda ndivyo alivyoniita, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho.

Lakini kikohozi cha kazi hakitii amri. Kuna siku kilimtoroka mara mbili, mteja akahesabu sauti mbili, ya kasuku na ya mtu, akatoka bila kuaga. Dada alikaa chini akashika kichwa.

"Watasema nyumba hii ina kifua," alisema. "Wakisema hivyo tumekwisha. Baba mwenyewe atakula nini?"

Akavaa, akaenda duka la dawa. Nilikwenda naye. Namkumbuka yule muuzaji, kijana mpole, kalamu sikioni.

"Kikohozi kikavu au cha makohozi?" aliuliza.

"Kikavu," dada alijibu.

Nilimgusa kiwiko. Hakugeuka.

"Una uhakika, dada? Maana hii inakata kikohozi. Mwenye makohozi hapewi bila daktari. Tena inaleta usingizi."

"Nimesema kikavu."

Mimi niliyekuwa na daftari nyumbani, mimi niliyejua rangi ya kila kopo, nilisimama pale nikitazama vioo vya kabati. Dada alidanganya kwa mdomo. Mimi nilidanganya kwa kunyamaza, na sioni tofauti.

Dawa ilifanya kazi. Hilo ndilo la kutisha. Siku ya tatu baba hakukohoa hata mara moja. Alisinzia kwenye kiti tangu asubuhi, kidevu kifuani. Dada alitembea nyumba nzima akitabasamu, akafungua milango aliyokuwa akiifunga.

"Umesikia?" aliniambia.

"Nini?"

"Hamna kitu. Ndiyo uzuri wake."

Sijawahi kukaa kwenye ukimya kama ule. Ukimya wa nyumba tupu nimeuzoea. Huu ulikuwa wa nyumba yenye mtu. Ulikaa nyuma ya ukuta kama kitu kilichoshika pumzi. Asubuhi nilisimama jikoni, maji yamechemka, nikingoja ishara ya kuyaepua, na ishara haikuja kutoka chumba cha nyuma. Ilikuja kutoka mbele. Kasuku alikohoa. Akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja kuelekea ukutani, kama anayengoja kuitikiwa. Hakuitikiwa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

Usiniambie ndege hajui kitu. Siku hizo zote alimwita baba kazini.

Na kopo lilisema pia. Kabla halijakauka lilinionyesha kitu. Siku ya nne makohozi machache yaliyotoka yalikuwa ya kijani, mazito kama gundi ya seremala, na yana harufu. Nilimwonyesha dada.

"Ni yale ya zamani yanatoka," alisema. "Uchafu ukiisha amepona."

"Mwalimu wa Kukohoa alisema tukiona hivi tumpeleke."

"Tutampeleka. Acha niwamalize hawa wa Jumamosi. Ni gauni moja na wasimamizi sita, mdogo wangu. Jumapili tunampeleka, naapa."

Siku ya tano kopo lilikuwa kavu. Nilimwekea baba sikio kifuani nikasikia mkoromo wa mbali, kama chungu kinachotokota kwenye nyumba ya jirani. Paji lake lilikuwa la moto. Aliniuliza, "Wageni wapo?" Nikamwambia hawapo. Akatabasamu, akajaribu kutia ukungu. Pumzi ilimwishia njiani.

Ungeuliza kwa nini sikumbeba hapohapo. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko utakavyoniuliza wewe. Jibu langu ni dogo, linaniaibisha. Iliyobaki ilikuwa siku moja, na nilimwogopa dada kuliko nilivyolisikiliza kopo.

Jumamosi ikafika. Asubuhi dada alimpa baba vijiko viwili badala ya kimoja. "Leo tu," alisema. Tukamlaza. Alitaka kuegemezwa mito, nikaipanga, lakini nadhani aliteleza baadaye. Saa tatu wakaingia yule bibi harusi wa siku ya kasuku, shangazi yake na wale wasimamizi sita, nyumba ikajaa manukato na vicheko. Kasuku alipandwa na kiherehere. Alipiga kelele, akarusha maganda ya alizeti juu ya kitambaa cheupe.

"Mtoe huyu kabla hajaniharibia gauni," dada alisema.

Nikalichukua tundu nikalirudisha mahali pake pa zamani, kando ya pazia la baba. Baba alikuwa amefumba macho. Nikafunga mlango.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe.

Kiasi cha saa nne nilisikia kupitia ukutani: vitatu vifupi, kimoja kirefu, kutema, tak. Moyo wangu ulipoa. Nikajisemea, kumbe ameamka, anafanya zoezi mwenyewe, dawa imemwachia. Nilikuwa nashona shanga kwenye ukosi, na vidole vyangu vikawa vyepesi.

"Kasuku wenu leo ana kazi," alisema shangazi akicheka.

"Huyo hachoki," dada akajibu. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Alidhani anadanganya.

Kikaja tena. Vitatu vifupi, kimoja kirefu, kutema, tak. Na tena. Niliendelea kushona. Ilikuwa karibu saa sita, bibi harusi anageuka mbele ya kioo, wenzake wanapiga makofi, nilipogundua kwamba kwa muda mrefu nimekuwa nikihesabu bila kujua, na hesabu haibadiliki. Kikohozi cha mtu mgonjwa hakifanani mara mbili. Kuna siku ni vitatu, siku nyingine vitano. Kuna kinachokatika, kuna kinachomalizika kwa kuguna. Hiki kilikuwa kilekile. Urefu uleule. Mfuniko uleule.

Shanga zilinimwagika. Nilisikia zikiruka sakafuni nikiwa tayari nimefika mlangoni.

Baba alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito, amelala chali, namna Mwalimu wa Kukohoa aliyomkataza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya wino uliomwagiwa maji. Juu ya mdomo kulikuwa na uzi mmoja mweupe wa pamba, sijui umetoka wapi, na ulitikisika kidogo sana. Kwa uzi huo nilijua bado yu hai. Kopo lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amelifungua. Nikatazama ndani. Lilikuwa kavu, safi, linang'aa kama nilivyolisuuza.

Juu ya kichwa changu kasuku akakohoa, akatema, akafunga mfuniko.

Tulimbeba na shuka lake. Shangazi yule aliyekuwa akiziba pua alishika miguu. Bibi harusi alikimbia na gauni lenye pini hadi barabarani kusimamisha gari, na Mungu amlipe. Hospitali walimwekea hewa, wakaingiza mpira kooni na kuvuta, na kilichotoka sitakieleza hapa. Daktari aliuliza alipewa nini. Dada akatoa chupa kwenye mkoba. Daktari aliisoma, akaiweka mezani taratibu.

"Kikohozi kilikuwa mlinzi wake," alisema. "Nyinyi mkampa mlinzi dawa ya usingizi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Siku tatu baba alikaa na barakoa usoni, hawezi kusema. Siku ya tatu asubuhi nilikuwa namshika mkono nikahisi vidole vyake vinafanya kitu. Kidole gumba kilibonyeza kiganja changu, kikapumzika, kikabonyeza. Alikuwa anafunga mfuniko. Nikamwinamia sikioni, nikamwambia, "Tia ukungu, baba. Hakuna wageni." Kioo cha ile barakoa kikaingia ukungu kidogo. Kikasafika. Hakikuingia tena.

Siku zote za matanga kasuku hakutoa sauti. Watu waliokuja kutupa pole walisema ndege ana majonzi. Wiki ya pili, asubuhi, nilikuwa jikoni nachemsha maji, na kutoka chumba cha nyuma kilichofungwa kikaja kikohozi. Dada aliangusha mkasi. Tulitazamana, na hakuna aliyesema ni kasuku, ingawa safari hii ilikuwa kweli.

Dada alitaka kumtoa. Alimwomba mtu amchukue, mtu huyo akamrudisha siku ya pili. "Wanangu hawali," alisema. "Wanasema kuna mzee ndani ya tundu."

Kisha siku moja, mchana, tukiwa wote wawili chumba cha mbele, kasuku alisema. Sauti ilikuwa ya baba. Si ya baba wa redio na utani, ni ya baba asiye na pumzi.

"Kitinda. Njoo. Mgongo."

Halafu sauti nyingine ikajibu, sauti ya msichana, ya kunong'ona, nyepesi, yenye haraka. Sauti yangu.

"Subiri kidogo, baba. Wageni wapo."

Sijui aliyajifunza siku gani maneno hayo. Pengine ni ya miezi nyuma, nilipoyasema kila siku. Pengine baba aliniita Jumamosi ile na sikusikia kwa vicheko, na ndege alimjibu badala yangu kwa jibu alilolijua. Kasuku hana tarehe. Naishi na yote mawili.

Dada alikilaza kichwa juu ya cherehani akalia, na mimi nikamshika mgongo, mikono imejikunja yenyewe kama ya mtu anayechota maji.

FUNZO LA NYUMBA HII

Nimesoma hadi kidato cha nne tu, mimi si daktari. Naandika nilichoambiwa na wanaojua na nilichokiona kwa macho yangu.

Mwenye mapafu mabovu akikohoa makohozi, anajiokoa. Usimwonee haya, usimfungie, usimwambie asubiri. Mpe maji, mpe nafasi, mpe kopo lenye mfuniko na muda wake kila siku, wageni wawepo wasiwepo. Kuni na sigara viwe mbali naye. Dawa ya kukata kikohozi usimpe kwa shauri lako mwenyewe, na muuzaji akikuuliza kikavu au cha makohozi, sema kweli. Hujui kikohozi ni cha nini? Nendeni mkapime, maana kifua kikuu kina dawa, na aibu haina. Na tazama ndani ya kopo. Rangi ikibadilika, nenda leo, si Jumapili. Zaidi ya yote, mgonjwa akinyamaza ghafla usifurahi kwanza. Mfuate alipo, umtazame usoni.

Kwa upande wetu, ukuta mwembamba tumeubomoa. Siku hizi jirani yetu mchonga mawe, ambaye kifua chake ni ndugu wa kifua cha baba, huja kila alasiri na kopo lake. Analala ubavu kwenye kochi la wateja, kati ya magauni meupe, nami nampiga mgongo. Juzi bibi harusi mmoja aliyekuwa akipimwa aligeuka kwa hofu.

"Fundi, nani huyo anakohoa?"

Dada alitoa pini mdomoni.

"Mtu," alisema. "Anafanya kazi. Tutasubiri amalize."

Tukasubiri wote. Mchonga mawe akakohoa, akatema, akafunga mfuniko, tak. Na kutoka kwenye tundu, baada ya kimya kidogo, akaitikiwa.